Mgonjwa Asiyegeuzwa ni Amana Iliyopotezwa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo ni Ijumaa, na wengi wetu tumeisoma au tutaisoma Suratul Kahf kabla jua halijatua. Tunaomba tusimame kidogo katika aya ya 18 ya sura hiyo. Humo Mwenyezi Mungu anatusimulia hali ya wale vijana waliolala pangoni, ambao aya ya 25 inatujulisha kuwa walikaa humo miaka 300 na kuzidi tisa. Miongoni mwa mambo aliyoyataja katika kuwahifadhi ni kwamba alikuwa akiwageuza upande wa kulia na upande wa kushoto. Ibn Kathir katika tafsiri yake amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba lau si kugeuzwa huko, ardhi ingaliila miili yao.

Tulizingatie jambo hilo. Aliyewalaza miaka yote hiyo hakushindwa kuihifadhi miili yao bila ya kuigeuza hata mara moja. Pamoja na hayo ametutajia kugeuza, na katika kulitaja kwake mna fundisho kwa kila mwenye kumlea asiyejiweza: mwili uliolala hauachwi upande mmoja. Fundisho hili tunalisoma kila Ijumaa, lakini wako wazee wetu wanaooza migongo wakiwa hai kwa sababu hapana aliyewageuza.

Tunakusudia kuzungumzia vidonda vinavyowapata watu wasioweza kujigeuza kitandani, ambavyo waganga huviita vidonda vya mgandamizo, na hasa vinavyowapata wazee waliokabidhiwa nyumba za kulelea wazee. Swali letu ni moja: kidonda kikitokea, nani aulizwe?

KIDONDA CHENYEWE

Mwili wa binadamu hulishwa na damu ipitayo katika mishipa midogo mno. Mtu akilala, uzito wake huangukia mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi: juu ya makalio, nyonga, visigino, mabega, viwiko na kisogo. Mtu mzima mwenye afya hujigeuza usingizini bila ya kujijua. Aliyepooza, aliyedhoofu sana au aliyepotewa na fahamu hajigeuzi. Mfupa na godoro hubana nyama iliyo kati yake, damu haipiti, na baada ya saa chache nyama hiyo huanza kufa.

Huanza na doa tu. Kisha ngozi huchubuka, shimo hufunguka, na shimo likaendelea mpaka kwenye msuli na mfupa. Mara nyingi uharibifu huanza ndani, karibu na mfupa, hivyo kinachoonekana kwa nje kama tundu dogo huwa kina pango chini yake. Vijidudu vikiingia katika mfupa au katika damu, mzee aliyeugua kiharusi hufa kwa kidonda cha mgongoni.

Wataalamu wanajua nani yuko hatarini. Mwaka 1987 Barbara Braden na Nancy Bergstrom wa Marekani walichapisha kipimo chenye mambo sita: mgonjwa ahisi maumivu kiasi gani, ngozi yake ina unyevu kiasi gani, atoka kitandani au hatoki, aweza kujigeuza au hawezi, ala vipi, na mwili wake huburuzwa na kusuguana na shuka au la. Alama huanzia 6 hadi 23, na zikipungua ndivyo hatari inavyozidi. Muuguzi huweza kuzihesabu kwa dakika chache, mgonjwa akiwa ndiyo kwanza analazwa. Basi kidonda hiki si mgeni anayeingia bila ya hodi. Hubisha mlango siku nyingi, na asiyesikia ni yule asiyesikiliza.

HOJA YA KUWA "NI UZEE TU"

Familia inapouliza juu ya kidonda, jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mzee ni mzee, ngozi imechoka, na yote ni majaaliwa. Hoja hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 daktari mashuhuri wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, aliona kuwa vidonda hivi huletwa na kuharibika kwa mishipa ya fahamu, na kwamba havizuiliki. Lakini mwenzake Brown-Séquard alikuwa ameshawafanyia majaribio wanyama waliokatwa uti wa mgongo, akaona kuwa wakiwekwa pakavu na wasigandamizwe, vidonda havitokei. Naye Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alivihesabu vidonda vya kitandani miongoni mwa mambo ambayo kwa kawaida kosa lake ni la uuguzi kuliko la ugonjwa.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi ulitoka vitani. Mwezi wa Februari 1944 Dk. Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi ya waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo askari wa namna hiyo walihesabiwa kuwa wa kufa tu, na wengi waliuawa na vidonda na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliamrisha wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe akipita kukagua. Vidonda vikapungua na watu wakaishi. Katika viwanja vya hospitali hiyo ndipo ilipoanza michezo ya walemavu ambayo leo dunia nzima huitazama. Watu walioandikiwa kifo waliinuka wakacheza, kwa sababu palipatikana mikono ya kuwageuza na mtu wa kuhakikisha kuwa wamegeuzwa.

Kwa hiyo anayesema kuwa hili ni majaaliwa tu tunamjibu kwa upole: kila kitu ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, na kugeuza pia ni katika kadari yake. Aliyepuuza sababu hana haki ya kujificha nyuma ya kadari, wala hana haki ya kumhimiza mgonjwa subira juu ya maumivu aliyomsababishia yeye.

WALIOLITUNGIA SHERIA

Nchi iliyolichukua jambo hili mpaka katika sheria zake ni Marekani, ambako wazee wengi humalizia umri wao katika nyumba za kulelea wazee. Baada ya malalamiko ya miaka mingi juu ya hali ya nyumba hizo, sheria ya kuzirekebisha ilitiwa saini mwezi wa Desemba 1987. Kanuni zilizotokana nayo zinasema kwa maana hii: mkazi aliyeingia bila ya vidonda asivipate akiwa humo, isipokuwa hali yake ya ugonjwa iwe imeonyesha kuwa havikuepukika, na aliyeingia navyo atibiwe mpaka vipone, alindwe na maambukizi, na vipya visizuke. Nyumba inatakiwa impime mkazi anapoingia, imwandikie mpango wa malezi, na iiarifu familia hali yake inapobadilika. Kuanzia Oktoba 2008 bima ya serikali kwa wazee ilikataa kuzilipa hospitali nyongeza kwa ajili ya vidonda vikubwa vilivyomzukia mgonjwa akiwa mikononi mwao.

Sheria hiyo haikuyamaliza maradhi. Takwimu za serikali ya nchi hiyo zilionyesha kuwa mwaka 2004, wakazi wapatao 159,000, yaani 11 katika kila 100, walikuwa na vidonda hivi. Sababu kubwa haina siri: kugeuza kunataka watu. Mhudumu mmoja akipewa wazee wengi kupita kiasi, hata akiwa na huruma ya mama mzazi, saa mbili zitapita na nne zitapita kabla hajarudi kwenye kitanda cha kwanza. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kutaka kila mkazi apatiwe saa 3.48 za uuguzi kwa siku. Wenye nyumba hizo waliipinga mahakamani kwa hoja ya gharama na uhaba wa wauguzi, na mwaka 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitengua.

Msomaji atauliza: ya Marekani yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wako wazee wetu waliowafuata watoto wao huko na wakaishia katika nyumba hizo, hali watoto wanafanya kazi mbili na tatu. Pili, mikono inayowageuza wazee wa Marekani mingi ni mikono ya vijana wetu. Vijana kutoka Kenya, Tanzania, Somalia na Kongo wamejaza kazi hiyo ya uhudumu, na fedha wanazotuma ndizo zinazolipa ada na kodi huku nyumbani. Riziki hiyo ni halali na ni njema kwa sharti moja, kwamba kazi iwe imefanywa. Atakayeandika katika daftari kuwa amemgeuza mzee saa nane za usiku, naye hakumgeuza, amesema uongo juu ya mwili wa mtu, na mshahara wa saa hiyo si wake. Wala kuwa mzee huyo si Mwislamu hakumpunguzii haki yake hata chembe.

HUKUMU YA AMANA

Tukirejea katika fiqhi, tunakuta mizani inayofanana sana na kanuni tuliyoitaja. Mafakihi wanasema kuwa aliyeshika amana hadhamini ikiharibika, isipokuwa awe amevuka mpaka au amezembea. Hapo ndipo penye uadilifu. Hatusemi kuwa kila kidonda ni jinai. Mchezaji filamu Christopher Reeve, aliyepooza mwili mzima na akawa na wauguzi wa kumwangalia usiku na mchana, alifariki mwezi wa Oktoba 2004 akiwa anatibiwa maambukizi ya kidonda cha aina hii. Wako wagonjwa wa siku za mwisho ambao ngozi yao hufa pamoja na viungo vyao vingine, na wahudumu wao hawana lawama.

Lakini anayedai kuwa halikuepukika na athibitishe. Alimpima mgonjwa siku ya kwanza? Aliandika ratiba ya kugeuza na akaifuata? Alimpa chakula na maji ya kutosha? Alimbadilisha nguo zilizolowa? Doa la kwanza lilipoonekana alifanya nini, na alimwambia nani? Nyumba yenye majibu ya maswali hayo imetimiza amana yake hata kama kidonda kimetokea. Isiyo na majibu imezembea, na mwenye kuzembea anadhamini, mbele ya kadhi wa duniani na mbele ya Hakimu wa siku ya Kiyama.

Mtume (S.A.W.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametueleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Uzito wa kosa uko katika kufungia: alipomzuia na njia za kujisaidia, alijibebesha dhima yake yote. Mzee aliyelazwa asiyeweza kujigeuza ni mja wa Mwenyezi Mungu, mwenye heshima kuliko paka. Aliyempokea, akaandikisha jina lake na akapokea malipo yake, ameibeba dhima hiyo yote.

Na dhima huanzia juu. Mtume (S.A.W.) amesema kwa maana kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenye nyumba aliyeajiri wahudumu wachache ili faida iwe kubwa ataulizwa kabla ya mhudumu aliyechoka. Kumfukuza kazi msichana wa zamu ya usiku, huku idadi ya watu wa zamu ikibaki ile ile, ni kumtoa kafara mnyonge.

HAYA NA UBAVU WA KULIA

Yako mambo mawili ya dini ambayo kwa kutofahamika vyema huwadhuru wagonjwa wetu, na tunaona ni wajibu wetu kuyabainisha.

La kwanza ni haya. Mahali panapoanza vidonda vingi, yaani juu ya makalio na nyongani, ni katika sehemu za uchi. Mwana huona haya kumfunua baba yake, mkwe humstahi mama mkwe, na mzee mwenyewe hukataa. Kidonda hukua chini ya shuka kwa heshima zote mpaka harufu itoe habari. Sheria yetu haikutaka hivyo. Dharura huruhusu kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja, na kuosha kidonda ni haja iliyo wazi. Mwanamume aangaliwe na mwanamume na mwanamke aangaliwe na mwanamke inapowezekana, pazia lishushwe, pafunuliwe panapohitajika tu. Kutomtazama kabisa hakumsitiri.

La pili ni kulalia ubavu wa kulia na kuelekea Kibla. Ni sunna njema kwa mwenye kulala usiku mmoja. Lakini wako wanaomlaza mgonjwa ubavu huo siku hata siku kwa kutafuta fadhila, mpaka nyonga ya kulia ikatoboka. Tuwakumbushe aya tuliyoanza nayo: kulia na kushoto. Hata katika sala, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswain asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Dini imeulegezea mwili wa mgonjwa, basi nasi tusiukaze.

WAJIBU WETU MAJUMBANI

Kwetu sisi nyumba za kulelea wazee ni chache, na hata Zanzibar, yenye makao ya wazee ya Sebleni na Welezo yanayohudumiwa na serikali, wengi waliolala wako majumbani kwa watoto na wajukuu. Maana yake ni kwamba nyumba yetu ndiyo inayoulizwa yale maswali. Hatuna ulazima wa vifaa vya ghali. Mgonjwa ageuzwe kwa ratiba. Saa mbili ndiyo kawaida iliyozoeleka, na daktari au muuguzi aweza kuirekebisha kwa kuangalia hali yake na godoro lake. Ainuliwe na watu wawili kwa shuka, asiburuzwe. Mto uwekwe chini ya miguu ili visigino vielee hewani. Aoshwe na akaushwe kila anapojichafua. Apewe maji, na mayai, samaki, maharage au maziwa kwa kadiri awezavyo kula. Mahali palipobadilika rangi pasisuguliwe, wala asikalishwe juu ya pete ya mpira, maana hukaza mgandamizo pembezoni mwake.

Na kwa kuwa ngozi zetu ni nyeusi, tusingoje wekundu unaotajwa vitabuni. Tupapase kila siku kwa kiganja: mahali penye joto au baridi kuliko jirani yake, pagumu au pepesi kuliko jirani yake, penye weusi uliozidi au panapouma, pameshaanza kuumia. Mwondoleeni uzito hapo siku hiyo hiyo, na mmwite muuguzi.

Aliyempeleka mzazi wake katika nyumba ya malezi kwa kushindwa kumhudumia, hatumlaumu. Waislamu walijenga bimaristani za kuwatibu maskini na matajiri tangu karne nyingi, na ile ya Sultan Qalawun huko Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa wakfu. Lakini tunamkumbusha Suratul Israa aya ya 23, inayozungumzia wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao. Kwa maoni yetu, ukweli wa kuwa "kwako" hauondoki kwa kuhamisha kitanda. Nenda bila ya kutoa taarifa. Omba kuuona mgongo wa mzazi wako na visigino vyake. Uliza ratiba, soma daftari. Kwa walio Marekani, mkazi ana haki ya kuona kumbukumbu zake, na kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi inayopokea malalamiko. Kulalamika kwa haki juu ya mzazi ni sehemu ya kumtendea wema.

Ndugu Waislamu, mama zetu walitugeuza tulipokuwa wachanga, kabla hatujajua kujigeuza. Hawakuandika ratiba wala hawakudai malipo. Leo wao ndio wasioweza, na saa mbili si muda mrefu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowahudumia, awaamshe walioghafilika, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana zao na ahadi zao. Amin.